Ishara ya Shingoni

Suva, 3 Februari 2019

Umbu langu Sakiusa,

Salamu zangu zikufikie wewe na wifi yangu Torika, na wote wa nyumba yetu hapo Taveuni. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Shule zimefunguliwa na cherehani haipumziki.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Mara ya mwisho nilikuandikia mama alipofariki. Si mama huyo aliyetufundisha njia hii? Mwiko uko mdomoni, alikuwa akisema, na barua haina mdomo. Tangu ulipobaleghe hujanisemesha wala mimi sijakusemesha, kama inavyowapasa watu na maumbu yao, lakini ulipokuwa bwenini uliniandikia kila mwezi ukiniomba biskuti.

Leo ninaomba mimi. Binti yangu Laisani amepanda meli ya Ijumaa bila kuniaga. Nimekuta kikaratasi juu ya sufuria: "Mama, nimekwenda kwa mjomba kujifunza kuzamia. Usilie." Ana miaka kumi na tisa na anajiona mia.

Mila naijua. Mpwa haombi kitu kwa mjomba wake, anachukua. Angemtaka nguruwe wako wa mwisho ungemfunga kamba ukampa. Lakini hiki mkatalie. Bahari ile imeshamla baba yake, na wewe ndiye uliyekuwa naye. Mwambie mitungi ya hewa imeharibika. Mwambie lolote, umrudishe.

Ni mimi umbu lako,
Alumita


Taveuni, 15 Februari 2019

Umbu langu Alumita,

Nimeipokea barua yako kwa furaha na kwa woga. Sisi hatujambo. Torika anakusalimu sana, mihogo imekubali, paa la kanisa bado linavuja palepale.

Laisani alishuka melini na begi moja na mdomo mmoja mkubwa. Nilimwambia mitungi imeharibika kama ulivyoniagiza. Akasema, "Mjomba, nimeihesabu pale nyuma, ni arobaini. Yote?" Nikamwambia kifua chake chembamba, hakiwezi kazi hii. Akaingia majini hapo ufukweni akazuia pumzi mpaka Torika akaanza kulia.

Kisha jioni, wanaume wa ukoo mzima wamekaa wanakunywa yaqona, akaja akaketi mlangoni kwa adabu zote, akasema, "Mjomba, nimekuja kuchukua kazi yako." Watu wakaniangalia. Alumita, ningesema nini? Mjomba anayemnyima mpwa wake mbele za watu, heri ahame kisiwa.

Kwa hiyo nimemwanzisha, lakini kwenye kina kifupi. Namfundisha kwamba ndani ya mkondo hupigi miguu. Unajiachia, maji yanakubeba kando ya mwamba, na huku juu boti inafuata viputo vyako. Wageni wa hoteli huchukua wiki kuacha kupigana na maji. Yeye alikunja mikono kifuani akapita kama mtu aliyepewa lifti. Ni baba yake mtupu.

Kule ukutani, mwamba unapokatika kuingia kilindini, sijampeleka. Ananiuliza kila siku, anataka kuyaona yale matumbawe meupe yanavyochanua mkondo ukikaza. Nimemwambia bado.

Umbu lako,
Sakiusa


Suva, 2 Machi 2019

Sakiusa,

Natumai nyumbani kwako ni wazima. Mimi si mzima, na leo sitausingizia mgongo.

Miaka kumi na miwili sijakuuliza. Siku ya msiba ulikaa upande wa wanaume, nami nimekaa kwenye mkeka na Laisani mapajani. Nilikuwa nikiangalia nyayo zako kwa sababu uso wako sikuruhusiwa kuukodolea macho. Swali nilikuwa nalo. Mwiko ukanifunga mdomo. Nawe ukajificha ndani ya mwiko huohuo, ukanyamaza, na kila mtu akasema, mwone Sakiusa anavyomheshimu umbu lake.

Watu walisema ni mkondo. Haya. Lakini mume wangu Penaia alizaliwa ng'ambo ya mlango ule wa bahari, maji yale aliyajua kuliko wewe, na mwenyewe ulikuwa ukikiri. Ilikuwaje? Niandikie. Mpaka nijue, binti yangu asifike ukutani.

Alumita


Suva, 21 Aprili 2019

Umbu langu,

Pasaka njema kwako na kwa Torika. Ni wiki saba sasa.

Laisani amenipigia simu. Anasema kila Jumapili mkitoka kanisani unakaa na karatasi na kalamu, kisha karatasi unaichoma moto. Tena kaniambia jambo ambalo limenikosesha raha. Anasema kwenye boti yako hakuna mzaha. Mgeni akifanya kichekesho chini ya maji unampandisha juu na siku hiyo hazamii tena. Wenzako wanakuita Mchungaji.

Sakiusa ninayemjua mimi aliwahi kumvisha mbuzi kofia ya mchungaji mwenyewe. Wewe na Penaia mkikutana tulikuwa tunaficha vyombo. Utani wa mashemeji, lakini nyinyi mlizidi. Utani wako ulikwenda wapi?

Usiponijibu safari hii, nitajua kwamba jibu lipo.

Ni mimi,
Alumita


Taveuni, 20 Mei 2019

Umbu langu mpenzi,

Salamu sina uso wa kuzitoa, ila uwe mzima, nakuombea hivyo. Pamoja na barua hii anakuja binamu yetu Waisake na kifurushi. Usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Umeuliza utani wangu ulikwenda wapi. Uliishia kule ukutani.

Wiki ile Penaia alikuwa amenipata mara tatu. Tunashuka na wageni, tunapita kwenye pango, tunatokea upande wa pili pale ukuta unapoanza, na yeye akiwa nyuma ya wote anapitisha kiganja shingoni. Yaani, sina hewa. Mimi mbio, natoa kipumulio cha akiba, namfikia moyo ukinitoka, naye ananitolea macho kama pweza na kucheka mpaka miwani inajaa maji. Jioni kwenye yaqona anawaigizia watu jinsi shemeji yake anavyopiga miguu kama kuku aliyetupwa kisimani. Wazee walicheka hadi kumwaga yaqona yao. Nami nilicheka. Mtu hamkasirikii shemeji yake, mila yenyewe imekataza hasira. Lakini nikaapa mbele ya wote kwamba ya nne hanipati.

Alhamisi mkondo ulikuwa mkali, ukuta wote mweupe, matumbawe yamefunguka kama nguo zilizoanikwa. Tukatoka pangoni. Nikageuka kuhesabu wageni. Penaia akapitisha kiganja shingoni.

Nilimtikisia matako, Alumita. Nilimgeuzia mgongo nikamtikisia matako, nikajiachia na mkondo huku nikicheka. Nikahesabu hadi kumi nikingoja aje anivute pezi.

Nilipogeuka hakuwepo. Nilitazama juu, nikatazama huku na huku. Kisha nikaona viputo, na havikuwa vinapanda. Vilikuwa vinashuka kandokando ya ukuta. Pale pembeni kuna mahali maji huteremka ghafla mkondo ukizidi, na mtu mwenye hewa hujitoa kwa kutambaa na mwamba au kukata kuelekea bahari wazi. Yeye hakuwa nayo. Walipompata siku ya pili tuliona mpira wa hewa umepasuka. Nilivifuata vile viputo mpaka masikio yakatoa damu. Wageni wanne walikuwa juu yangu wananingoja, nikarudi.

Niliposema ni mkondo sikusema uongo. Mkondo ulimchukua. Lakini aliniomba hewa kwanza, nami nilikuwa nayo.

Watu walipomaliza kulia walinisifu kwa kuwapandisha wageni salama. Nilitaka kukwambia. Kila nilipotaka, nikasema, ni umbu langu, nitamsemeshaje? Uliandika kweli. Nilijificha humo na nikaambiwa nina adabu.

Fungua kifurushi. Ni jino la nyangumi. Nililipata mwaka uleule ili nije kuomba radhi, na limekaa chini ya kitanda changu miaka kumi na miwili kwa sababu mtu akipiga magoti na jino huulizwa, unaombea nini?

Laisani bado sijamwambia. Ni haki yako kuamua.

Asiyestahili kuitwa umbu lako,
Sakiusa


Suva, 10 Agosti 2019

Umbu langu Sakiusa,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mimi naendelea. Mgongo ni uleule.

Nilipoisoma barua yako nilikuchukia. Nakiandika hiki kwa wino ili usije ukadhani sikukuchukia. Wiki tatu sikushona. Wazazi wakaja kudai sare za watoto wao, nikawafungia mlango.

Kisha siku moja nikakumbuka harusi yangu. Penaia alivyojifanya amezimia pale mbele ya madhabahu, mchungaji akammwagia maji ya kubatizia, na yeye akafumbua jicho moja akaniuliza kama bado nataka. Nikacheka. Peke yangu, na kaptura za watoto wa watu mapajani, nilicheka halafu nikalia mpaka jirani akaja. Sakiusa, angenifanyia mimi mara tatu, ya nne na mimi ningempa mgongo. Hilo halimrudishi, wala halikusafishi. Lakini ni kweli, na nimeona haya kuijua kweli hii nikakunyima.

Laisani nimemwambia mwenyewe kwa simu. Akasema, "Ndiyo maana Mjomba hupitia mipira ya hewa ya watu wote mara mbili." Nadhani hilo ndilo jibu lake.

Jino nimelirudisha kwa Waisake. Jino haliletwi na meli. Utalibeba mwenyewe, uende ng'ambo kwa kina Penaia, upige magoti kwenye mkeka wao na useme unaombea nini, kwa kinywa chako. Mimi nitakaa upande wao. Sitakusemesha, lakini nitakusikia.

Na lipo jingine, usishangae. Tangu Juni nimekwenda bwawani hapa Suva na mitungi, mimi na watoto wa chuo. Mwalimu ananiita Bubu, yaani bibi wa darasa. Nimefaulu. Novemba ninakuja, utanishusha pale ukingoni mwa ukuta, si ndani kwenye kina, najua cheti changu kinaishia wapi. Chini ya maji hakuna anayemsemesha mwenzake, kwa hiyo hatutavunja mwiko wowote.

Tukifika, nitapitisha kiganja shingoni. Sitakwambia ni saa ngapi. Usinicheke. Usihesabu. Nipe.

Baada ya hapo Laisani aende ukutani, kwa ruhusa yangu.

Umbu lako,
Alumita


Taveuni, 24 Novemba 2019

Umbu langu Alumita,

Natumai meli haikukuyumbisha, na umefika Suva salama. Torika anauliza kama ndizi zimeiva njiani. Barua hii anakuletea Laisani, ambaye amekataa kuipeleka posta kwa sababu anasema sisi wawili tumeishi na karatasi vya kutosha.

Jana alishuka ukutani. Mkondo ulikuwa mzuri. Alipotokea pangoni na kuona ule weupe wote aligeuka akanitazama, nami nikamwuliza kwa vidole, uko sawa? Akajibu, sawa. Nikamwuliza tena. Akajibu tena. Nilimwuliza mara tisa. Juu botini akaniambia, "Mjomba, utanichosha vidole."

Sikupata njia ya kukushukuru kwa ile siku ya kwa kina Penaia. Nilipiga magoti nikasema yote. Kisha nikasikia makofi ya kupokea, na nikajua kaka yake amelishika jino. Sikuinua macho. Lakini makofi yalikuwa ya watu wengi, na moja lilikuwa limechelewa, na mkono wako naujua tangu utotoni.

Sasa kuhusu kule majini. Mkono wako ulikuwa hata shingoni haujafika. Uliinuka tu, labda ulitaka kuweka miwani sawa, hilo sitalijua kamwe. Mimi nilikuwa nimeshatoa kipumulio changu mwenyewe mdomoni, si cha akiba, na nimeshakutia. Tulikaa hapo ukingoni tukipokezana hewa moja kama watoto na embe, na yale meupe yanachanua chini yetu, na sikutaka tupande.

Ila Laisani anasema nilikupa kwa nguvu mno, nimekumega jino la mbele, na wewe umeficha safari nzima kwa kufunga mdomo. Torika alidhani ni heshima.

Nisamehe jino, umbu langu. Moja nililipeleka, na moja nimelivunja. Na usicheke usomapo hapa, mtu hataniani na umbu lake.

Sakiusa wako