Marwa yu hai, yuko jela ya Eldoret

Dada Bhoke, shikamoo. Watoto hawajambo?

Huku Eldoret baridi inakuvisha koti mchana, na chai yao ina maziwa kuliko maji. Jana kwaya ya mwenyeji wangu ilikwenda kuwaimbia wafungwa, nikajipachika ili nione jela ya Kenya ilivyo. Tukiwa tunaagana, mfungwa mmoja alisikia lafudhi yangu, akaniita. Kumbe ni Marwa, mtoto wa Mama Robi jirani yetu, yule aliyekwenda kutafuta kazi akapotea!

"Mama hajambo?" akaniuliza.

"Haya bwana, toka, taimu imeisha," askari akasema.

Nikajibu haraka, "Hajambo, anakusubiri."

Dada, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Na mama yake tulimzika sisi. Leo nimerudi kumwambia ukweli, wakanizuia getini, na kesho nasafiri. Natamani ningenyamaza tu.

Tafadhali nenda kwa mdogo wake, Gati. Mwambie kaka yake yu hai, aje mwenyewe amwambie habari za mama akiwa amemshika mkono.

Nawakumbuka nyote sana.

Mdogo wako, Chacha