Sakafu ya Gari la Babu Yako

Wambui wangu, hujambo huko ng'ambo? Sisi tu wazima, na ng'ombe amezaa ndama wa kike. Umeuliza kama naelewa masomo yako, jinsi nyuzi na gundi zinavyoachana ndani ya kitu kinachoonekana kigumu. Naelewa, maana ziliwahi kuachana chini ya baba yangu.

Miaka ya sabini, babu yako akinichumbia, aliziba sakafu ya gari lake iliyooza kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi. Baba akapanda ili alijaribu. Tulipofika Lanet kiraka kikaachia, miguu yake ikagusa lami.

"Kijana, simama! Mimi nakimbia!"

Fundi Harbans alikichunguza kiraka. Gundi ilikuwa nzima, nyuzi pia nzima, ila zilichomoka bila kubeba hata tone la gundi.

"Hiki kitambaa kilishika mafuta, ndiyo maana gundi haikushika," akasema.

Babu yako akainama. "Nilikifungia ile nyama choma niliyomletea mzee kutoka Kikopey."

"Kumbe ndiyo maana koo liliniwasha wiki nzima!" Baba akafoka, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Tangu hapo, nikiona watu wawili wazuri wamekosana, huangalia kwanza kilichoingia kati yao.

Baba alimkubali. "Muoe," alisema, "lakini kanisani mtaenda kwa miguu."

Na tulienda kwa miguu.

Shosho wako akupendaye