Semina ya Kumsikiliza Mgonjwa

Jumatatu, 9 Juni

Semina imeanza. Siku tatu za kujifunza "huduma inayomweka mgonjwa katikati". Katikati ya nini, hatujaambiwa. Wodi ya wanawake kabaki nayo mwenzetu mmoja tu, tena mjamzito, miguu imemvimba. Wauguzi wengine wote tumeletwa ukumbini tufundishwe kuwajali wagonjwa tuliowaacha. Ukistaajabu ya Musa!

Bango kubwa mbele: MGONJWA NI MFAME. Ile L imeliwa na mchapaji. Hakuna aliyeiona ila mimi. Au wote wameona, wakanyamaza, kama kawaida yetu.

Mwezeshaji ni bwana mwembamba, suti imembana, kipaza sauti shavuni kama mwimbaji. Kasema siri ya huduma ni kusikiliza. Kaisema asubuhi nzima bila kumeza mate. Ukiinua mkono, swali lako linaandikwa kwenye karatasi ukutani. Anaiita "maegesho". Hadi jioni maegesho yamejaa, hakuna gari lililotoka.

Daktari wetu mkuu kakaa mstari wa mbele. Wodini tunamwita Dakika Mbili, maana huo ndio muda wa kitanda kimoja, ukimzidisha anatazama saa. Leo anaandika kila neno. Anaitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani.

Jumanne, 10 Juni

Maigizo. Mwezeshaji kanichagua mimi niwe mgonjwa. Na Dakika Mbili awe — daktari! Kazi kweli kweli.

"Sista, jitungie ugonjwa wowote," mwezeshaji kasema. "Ila uwe na hisia."

Nilipanga kusema kichwa. Naapa, kichwa. Nikaketi. Dakika Mbili akasoma swali la kwanza kwenye kadi yake: nini kinakusumbua zaidi? Mdomo ukaniponyoka. Daktari, nina kivimbe kwenye titi la kushoto. Hakiumi. Nilikigundua nikioga. Sijamwambia mtu.

Hata humu nilikuwa sijaandika. Haya, nimeandika. Ni kweli. Kigumu kama kunde, upande wa kwapa. Marehemu shangazi alianza hivi hivi. Na mimi ndiye ninayewafundisha wanawake wenzangu wodini namna ya kujipima — kwa maringo! Halafu kila asubuhi nakigusa changu, naomba kiwe kimehama.

Akasoma la pili: unajisikiaje kuhusu hilo? Nikasema naogopa. Machozi yakanitoka mbele za watu. Akasoma la tatu: ungependa tukusaidie vipi? Muda ukaisha.

Makofi! Ukumbi mzima umesimama. Dakika Mbili kapewa alama zote. Mimi nimeambiwa kipaji changu kinaozea wodini. Wakati wa chai shoga yangu mkunga kanipiga kofi la mgongo: "Wewe! Umeniliza hata mimi!" Nikacheka naye. Biskuti nikairudisha sahanini.

Jumatano, 11 Juni

Vyeti. Picha ya pamoja. Sote sasa mabingwa wa kusikiliza. Karatasi ya maegesho imeviringishwa, ikatiwa kwenye ndoo ya taka.

Ijumaa, 13 Juni

Semina imezaa matunda. Dakika Mbili sasa anamwita kila mgonjwa "mpendwa mteja", kisha anaondoka upesi kuliko zamani. Bibi wa kitanda cha dirishani kanivuta mkono: "Mwanangu, mteja ndiye nani? Mimi nimekuja na mguu wangu mbovu, sikuja kununua kitu."

Baada ya raundi nilikuwa napanga dawa. Nikasikia mtu mlangoni. Dakika Mbili. Peke yake.

"Sista. Lile la Jumanne, ulikuwa unaigiza?"

"Daktari, si nilipigiwa makofi?"

Hakucheka. "Sijauliza makofi."

Nikahesabu vidonge. Vikanipotea, nikaanza upya. Yeye kasimama tu. Mwishowe nikasema ni kweli. Akauliza tangu lini. Tangu mvua zianze, nikamwambia. Akasema Jumatatu asubuhi nikapigwe picha ya titi, kisha niende ofisini kwake, na nisipotokea atanifuata mwenyewe.

Nimeudhika! Ukumbi mzima ule, wauguzi, wakunga, mwezeshaji na kipaza sauti chake — wa kunisikia awe huyu?

Nyumbani baba watoto kaniuliza, "Mbona umenyong'onyea?" Nimesema uchovu. Kanitandikia kitanda, kawanyamazisha watoto. Nimelala nimeupa ukuta uso. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekuja bila sare. Mlinzi wa getini, tunayesalimiana kila siku ya Mungu, hakuniinulia hata uso: "Mama, foleni ni kule, usitusumbue!" Ndio ufame wenyewe huo.

Mpiga picha anapenda porojo. Kanisimulia ya shemeji yake anavyokoroma, mpaka mashine ilipofika upande wa kwapa. Akarudia pale pale. Akarudia tena. Ya shemeji hakuyamalizia.

Sasa niko ofisini kwa Dakika Mbili. Kaitazama picha. Kavuta kiti, hakukiweka ng'ambo ya meza, kakileta karibu na changu. Kaketi. Kazima simu. Kaniambia bado kuna kipimo cha kuchukua nyama kidogo, tusitangulize maneno. Kisha kaniuliza kama baba watoto yuko karibu, ingefaa aje. Taratibu, sauti ya chini, kama mtu mwenye siku nzima.

Miaka yote nimemsema kwa haraka zake. Leo natamani atazame saa! Aniite mpendwa mteja, aende zake! Upole wake unanitisha kuliko picha.

Katoka kumtafuta daktari wa upasuaji. Nimempigia baba watoto. "Kuna nini?" Njoo tu, nikamwambia. "Mtoto?" Hapana. "Mama?" Hapana, njoo.

Namsikia kwenye korido, anauliza chumba. Anahema, amekimbia. Ukumbi mzima umeshasikia, umepiga na makofi. Yeye tu ndiye hajui. Sijui nianze na lipi. Anagonga —