Kuhusu Zile Dakika Tisa

Kibanda cha Fundi Saa,
Nyuma ya Posta,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote, wakubwa kwa wadogo. U hali gani huko kwenye baridi? Shemeji yangu hajambo? Wajukuu nao? Na lile goti lako limepoa, au bado unapanda ngazi za hospitali huku unazihesabu? Jitunze, tafadhali. Wagonjwa wakimwona mpishi wao anachechemea, watakosa imani hata na supu.

Sisi huku hatujambo, ukiacha mambo madogo madogo ya umri. Mke wangu anakushukuru kwa sweta. Ni kubwa kidogo, tunaingia wote wawili na nafasi inabaki. Dada yetu ameipaka nyumba yake rangi ya chungwa, ya kung'aa hasa, na tangu hapo hakuna mgeni aliyepotea njia. Macho yangu bado yanaona gurudumu dogo la saa, ila nikiliangusha sakafuni siku hizi namwachia Mungu.

Sasa kaa kitako, maana nimezunguka vya kutosha. Barua hii inahusu zile dakika tisa.

Najua cheti chetu cha ushindi umekitundika sebuleni, kwenye fremu, na wajukuu umewasimulia safari ile mpaka wanakumalizia sentensi. Huku nako ni hivyo hivyo. Kwa miaka arobaini mtaa mzima umesahau jina langu. Mteja akiuliza fundi saa yuko wapi, anaambiwa nenda kwa Dakika Tisa. Nami nimekuwa nikiitika, tena kwa sauti.

Chama chetu cha pikipiki kuukuu kinakutana bado, kila Jumamosi asubuhi, kwenye karakana ya Seremala. Tumebaki wazee watano na pikipiki tano, na kati ya hizo zinazowaka kwa kiki moja ni mbili tu. Kupanda tunapanda kidogo. Kazi yetu kubwa ni kupiga soga juu ya mwendo.

Jumamosi moja mwezi uliopita Kinyozi aliwasha ya kwake, akaipapasa tenki, akaanza. "Zamani nilikuwa napiga honi hapa, sauti yenyewe inanikuta nimeshafika kule." Mwokaji mikate akamjibu bila kugeuka, "Siku hizi hiyo yako haipimwi kwa saa. Inapimwa kwa kalenda." Mwalimu wa michezo akasema yeye aliwahi kuwapita polisi kwa kasi hata wakampigia saluti, wakidhani ni mkubwa wao ana haraka. Ndipo Seremala akawakemea, "Nyamazeni huko, watu wa dakika kumi." Nao wakamgeukia kwa pamoja, "Na wewe wa sekunde tano je?"

Hapo Seremala hurudi kwenye randa yake. Wewe unajua kwa nini, lakini wasomee wajukuu, labda sehemu hii hukuwasimulia. Mwaka ule tulishindana kutoka posta mpaka kwenye geti la reli, mmoja mmoja, kila mtu na mshika saa wake amekaa nyuma na stopwochi ya Mwalimu. Seremala alibebewa saa na mkewe, wakafika kwa dakika tisa na sekunde tano. Mimi na wewe tulipanda mwisho kabisa, tukafika kwa dakika tisa kamili. Mwezi uliofuata barabara ikajazwa matuta, hakuna aliyeweza kujaribu tena. Rekodi ikabaki kwetu, na Seremala akabaki na neno moja kwa mkewe: ulichelewa kubonyeza.

Miaka arobaini, mdogo wangu! Chai ikichelewa, anamwambia si ndiyo wewe wa sekunde tano. Funguo zikipotea, ni zile zile sekunde tano. Yule mama huapa kwamba alibonyeza mara tu gurudumu lilipogusa reli, naye bwana hutikisa kichwa kwa huzuni. Sisi wengine tulikuwa tunacheka. Mimi nilikuwa nacheka kuliko wote.

Mwaka huu wenzangu wakaamua tusherehekee miaka arobaini ya rekodi kwa kuchonga ubao, uwekwe mlangoni pa karakana. Na nani achonge kama siyo Seremala? Alichukua mbao nzuri aliyokuwa ameitunza atengenezee kitanda chake mwenyewe, akaipiga randa wiki tatu, bila kulalamika, ili aandike jina la mtu aliyemshinda. Katikati ya ubao tukakubaliana ikae stopwochi yenyewe, nyuma ya kioo, ikienda. Mwalimu akaniletea niisafishe.

Nikaifungua Jumatatu asubuhi, tarehe mosi. Unakumbuka desturi yetu mafundi saa: fundi akimaliza saa, anakwaruza alama yake na tarehe kwa sindano ndani ya mfuniko. Nikaweka kioo cha jicho, nikasoma. Alama ni yangu. Tarehe ni siku tatu kabla ya safari yetu.

Nikakumbuka yote. Wale wengine walikuwa wamekwisha kupanda, Mwalimu akaiangusha stopwochi uwanjani, ikasimama. Akaileta kwa mzee aliyekuwa akinifundisha kazi, naye mzee akaniachia mimi. Springi ilikuwa imeharibika. Nikatafuta nyingine kwenye kopo, nikapata iliyofanana fanana, nikaitia. Saa ikalia tik tik, nikafurahi, nikafunga. Kuipima sikuipima.

Safari hii nimeipima. Nimeiweka chini ya saa ya ukutani, nikakaa naikodolea macho. Saa ya ukutani ilipomaliza dakika sitini, stopwochi ilikuwa imehesabu arobaini na tano. Nikarudia, ikawa hivyo hivyo. Kwa hiyo wale wengine walipimwa kwa saa nzima, na sisi tukapimwa kwa kiwete niliyemtengeneza mimi mwenyewe. Tisa zetu, mdogo wangu, ni kumi na mbili.

Nilikaa na hilo tumboni siku tano. Mke wangu akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni tumbo, akanikorogea dawa chungu, nikainywa yote. Sikutaka kusema. Nani anataka? Ningeweza kutia springi sahihi, nikafunga, nikakwaruza alama mpya juu ya ile ya zamani, na mambo yangekwisha. Nilifika mpaka pa kushika sindano. Kilichonizuia ni yule mama na sekunde zake tano.

Jumamosi nikaenda mapema. Seremala alikuwa amekwisha kuchonga neno DAKIKA, safi kabisa, ameshika patasi aanze TISA. Akaniuliza kwa furaha herufi ziwe nene au nyembamba. Nikamwambia weka patasi chini, kisha nikasema yote, kwa mpigo mmoja, nikitazama viatu vyangu.

Akakaa kwenye benchi. "Sema tena." Nikasema tena. "Taratibu, usikimbie." Nikasema taratibu. Akanyanyuka, akamwita mkewe kwa sauti kubwa, nikadhani ameumia. Mama akatoka mbio, mikono ina povu la sabuni. "Mwambie huyu," akaniambia. Nikamwambia.

Yule mama hakunitazama mimi. Alimtazama mumewe. "Miaka arobaini," akasema, basi. Akaichukua kofia ya mumewe kichwani, akafutia mikono, akamrudishia, akaingia ndani. Seremala akamfuata. Wenzetu walikuwa wamekwisha kufika, tukabaki uani tunachunguza tairi moja wote wanne kama madaktari, huku tunamsikia mtu mzima anaomba msamaha. Kinyozi alitazama saa yake: dakika ishirini na mbili bila kupumzika. Anasema hiyo nayo ni rekodi na ichongwe.

Nilidhani akitoka atanirarua. Alitoka anang'aa. Akanizungusha mtaani, kwa muuza magazeti, kwa fundi viatu, kwa jirani wa ng'ambo ambaye hata pikipiki hazipendi, na kila tulipofika akanisukuma mbele: "Haya, mwambie." Kufika adhuhuri nilikuwa nimekiri mara kumi na moja, na nilishaanza kuisimulia vizuri.

Aliyeumia ni Mwalimu. Alikaa pembeni akahesabu kwa vidole, halafu akashika kichwa. Miaka yote ile wanafunzi wake walikuwa wanavunja rekodi wakiwa shuleni, na wakienda kushindana na shule nyingine wanafika watazamaji wameshaondoka. Yeye alikuwa analaumu viatu. Sasa anataka majina ya wote awaombe radhi, na anataka tuandike pamoja.

Na usidhani tumekuwa wa pili. Nami nilidhani hivyo, mpaka Mwokaji akaleta daftari la mwaka ule. Seremala tisa na sekunde tano. Kinyozi tisa na nusu. Mwokaji kumi na kidogo. Mwalimu kumi na moja kasoro. Marehemu tarishi, Mungu amrehemu, kumi na moja na nusu, naye alisimama njiani akamkabidhi mtu barua na kusubiri asaini. Halafu sisi, kumi na mbili. Tulikuwa watu sita, na sisi ni wa sita. Mtaani nimeshabadilishwa jina, na hilo jipya naitika kwa sauti ya chini.

Ubao umekamilika, una jina la Seremala, na chini yake jina la mkewe limechongwa kubwa kuliko la kwake. Alipima herufi mwenyewe yule mama. Stopwochi nimeitia springi inayostahili na nimeipima siku nzima. Ombi lao kwako ni moja: ukitoe cheti ukutani, ukitume kwa posta. Seremala anasema na fremu pia, maana amesikia ni ya mbao nzuri. Wajukuu waambie ukweli polepole, usiwaambie wakiwa wanakula.

Nisalimie sana shemeji, na mtoto wako mkubwa, na yule mdogo aliyeanza kazi ya umeme. Dada anasema hujajibu barua yake. Seremala na mkewe wanakusalimu, na sasa wanasalimu kwa pamoja.

Kabla sijafunga bahasha, kuna hili. Seremala aliniuliza mbele ya watu wote kama siku ile wewe ulikuwa na saa yako mkononi. Nikamjibu hukuwa nayo. Siku ile nilisema kweli mara kumi na moja, kisha nikasema uongo huo mmoja, na sijutii.

Ulikuwa nayo. Niliiseti mimi asubuhi ile, kwa saa ya posta. Nimekukumbuka tulipofika kwenye geti la reli, una miaka kumi na saba, vumbi mpaka kwenye kope. Nikakuuliza ngapi. Ukatazama stopwochi, ukatazama mkono wako, ukashusha mkono wa shati mpaka kwenye vidole, ukapiga kelele, "Tisa, kaka! Tisa!" Nikakubeba mabegani, nikakuzungusha reli nzima.

Kumbe ulijua. Tumegombana mara ngapi tangu siku hiyo, mimi na wewe? Kuhusu nyumba ya baba, kuhusu kuondoka kwako, na yale maneno mabaya niliyokuandikia mwaka ule. Ulikuwa na jiwe hilo mkononi miaka yote, na hata siku moja hukunirushia. Nililia hapa kibandani, mdogo wangu, mteja akadhani nimeharibu saa yake.

Usinijibu kwa barua. Njoo mwenyewe nikushike, mwongo mkubwa wewe.

Mungu akulinde jikoni na njiani, wewe na wote walio chini ya paa lako.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Fundi Saa.