Faraja Bado Anajitolea

Mpwa wangu Deogratias,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Hapa Mkuyuni nimetangaza kwamba Faraja, binti wa dada yako, ameajiriwa ofisi ya kilimo, tena ana kiti cha kuzunguka. Uongo mtupu! Kiti anacho, mshahara hana. Tangu amalize chuo anajitolea tu, nasi tunauza ndizi apate nauli ya kwenda kufanya kazi bure. Juzi nafasi ilipotoka, bosi akamwambia, "Dada Faraja, mwelekeze kazi huyu mwenzako, ndiye tuliyemwajiri." Msomi wetu akamwelekeza, kisha akaja kulia jikoni kwangu.

Sikuombi kazi, mheshimiwa wa Dodoma, maana hata simu yake huipokei. Ila ulipoumwa na nyoka utotoni, nilikubeba mgongoni mpaka zahanati. Nilipe hivi: akipiga kesho, pokea.

Mjomba wako,
Stefano