Siku Mbili za Torino

Jumanne, Buffalo, Marekani

Na sasa mdogo wangu Furaha ameacha kazi. Anataka kuhama Torino aje kukaa hapa kwangu, tayari anajaza makaratasi.

Wiki iliyopita nilikuwa kwake, huko Italia, siku mbili tu, na ule mji umeniingia moyoni. Mwisho wa barabara unaona milima, kama kwetu Masisi, Kongo. Jioni watu wanatembea polepole, hakuna anayekimbilia zamu. Furaha alipoanza kuisifu Buffalo, nilitaka kumwambia asiondoke pale kamwe. Lakini ningeanzia wapi? Miaka sita ninamtumia picha: mimi kando ya gari la mchungaji wa kanisa letu, mimi ndani ya koti la kuazima. Picha ya depo ninapofunga maboksi sijatuma hata moja.

Bon, haya, nikapanda ndege nikarudi kazini.

Leo jioni amepiga simu. "Dada, nitumie picha ya nyumba yako, niwaonyeshe wenzangu."

Nyumba yangu ni vyumba viwili vya juu, na dirisha limezibwa kwa plastiki. Ninaogopa siku atakayofika.

Nimetoka nje. Nimesimama mbele ya nyumba ya jirani, nikainua simu, nikatabasamu.