Kalenda Isiyokuwa na Masika

Fundi Rajabu,

Shikamoo. Miaka mitatu nimekuamkia kwa simu, leo nakuamkia kwa karatasi. Hatukuwahi kushikana mkono. Wewe ulikuwa mtoni huko Morogoro, unajenga daraja; mimi nilikuwa hapa Tensta, pembezoni mwa Stockholm, nimekaa jikoni na kompyuta, naipangia kazi yako tarehe. Kwenye mkataba niliitwa mshauri wa mipango na ratiba. Wewe uliniita Bwana Tarehe.

Jirani yangu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, hakuamini kamwe kwamba ile ni kazi. Alikuja kuazima chumvi, akanikuta na soksi mbele ya mistari ya rangi kwenye kompyuta, akauliza, "Unatumikaka kweli, ao unachezaka tu ku masini?" Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakohoa.

Daraja limekwisha, Fundi. Wamenitumia picha, malori ya miwa yanapita juu yake. Kampuni imeniandikia barua ya shukrani ambayo jina lako halimo. Niliisoma mara moja, nikaigeuza kifudifudi mezani.

Nina aibu, na leo nataka kuitaja yote.

Ratiba ya kompyuta haiendi bila kalenda: siku zipi watu wanafanya kazi, zipi hawafanyi. Kutengeneza kalenda mpya ni kazi ya nusu siku. Mimi nilifanya uvivu. Nilichukua ya mradi wangu uliotangulia, upanuzi wa kiwanda kule Södertälje, nikaibandika kwenye daraja lako. Likizo ya Julai ya Wasweden niliiona, nikaifuta. Masika sikuyaona, maana kalenda ya Uswidi haina masika ya kufuta wala ya kubakiza. Machi na Aprili nikazijaza misingi ya nguzo. Mimi, niliyekulia Kilosa, niliyevushwa maji na baba mgongoni kwenda shule.

Wewe uliona mara moja. Ulipiga Ijumaa baada ya swala, kama ulivyozoea kunipa hesabu ya kazi ya wiki, ukasema, "Mwanangu, masika umeyaweka wapi?" Nikakujibu kwamba kompyuta imeshahesabu. Hukukasirika. Ulisema tu, "Asifuye mvua imemnyea," ukaendelea na habari za nondo.

Machi mto ukajaa. Mashimo ya misingi yakawa mabwawa, wiki sita zikapita bila kazi, na ofisi ya Dar ikataka kujua chanzo. Ningeandika mvua, wangeuliza kwa nini mvua haimo kwenye ratiba. Mkataba wangu ulikuwa karibu kufanywa upya. Kwenye ripoti kuna safu nyembamba ya chanzo cha kuchelewa, na humo nikaandika, kwa Kiingereza, kwamba usimamizi wa fomeni, yaani wewe, ulikuwa hafifu. Nikaituma, kisha nikaenda kumchukua mwanangu chekechea.

Haukupita muda wakakuondoa. Nilikutoa kafara, Fundi. Nimetafuta neno la adabu zaidi, sikulipata.

Nilidhani simu zitakoma. Hazikukoma. Ulikuwa umerudi mjini kujenga nyumba za watu, sukari imeanza kukusumbua mguu, lakini Ijumaa saa yako ikifika ulinibipu mara moja, nami nikakupigia kwa kadi ya simu ya duka la hapa chini. Uliuliza kuhusu baridi. Uliuliza kuhusu mtoto, ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kisweden. Kisha kila mara ulimalizia, "Kingine?"

Nilijibu hakuna kingine, Mzee, ni salama tu. Nikakueleza theluji ilivyofika madirishani. Nikikata simu nilikuwa napumua. Nilijiambia, mzee hajui, Kiingereza hakisomi.

Wiki iliyopita nilimpigia mkeo, Mama Zuhura, kumpa pole ya arobaini yako. Nilikuwa nimejiandaa kuungama, nimeandika hata maneno ya kuanzia pembeni mwa gazeti. Hakunisubiri. Alisema bila ukali wowote, "Alijua, mwanangu. Binti yake Zuhura alimsomea ile ripoti, waliyompa pamoja na barua ya kumwondoa, hapa hapa sebuleni, neno kwa neno. Mimi nilitaka akupigie akutukane. Akasema yule mtoto ameogopa tu, tumpe nafasi, atasema mwenyewe."

Mwaka mzima na zaidi, Fundi. Kila Ijumaa ulikuwa unanifungulia mlango, na mimi nakueleza theluji.

Sikumbuki niliagana vipi na Mama Zuhura. Najua nilibaki nimekaa sakafuni jikoni, na mtoto akaja kuniuliza kama naumwa. Majuto ni mjukuu, na wangu amefika babu ameshazikwa.

Leo asubuhi nimeiandikia kampuni, nakala kwa Zuhura. Si barua ndefu. Nimesema wiki sita zilipotea kwa sababu mpangaji hakuweka masika kwenye kalenda. Nimesema fomeni Rajabu alimwonya kabla shimo la kwanza halijachimbwa. Nimesema taarifa ya mwanzo ilikuwa ya uongo na mwandishi wake ni mimi. Huenda hawatanipa kazi tena, na hapa mjini wapangaji wa ratiba tunajuana. Mke wangu aliisoma kabla sijaituma, akaniuliza kwa nini sikuiandika ukiwa hai. Nilimwambia niliogopa. Akasema hilo si jibu, na ni kweli.

Sikuombi msamaha humu, maana nafasi ya kukuomba nilikuwa nayo nikaichezea. Nakuahidi jambo moja. Ijumaa hii baada ya swala nitapiga simu nyumbani kwako. Nimemwomba Zuhura awaite majirani, wale walioambiwa kwamba baba yake alifukuzwa kwa uzembe, naye amekubali. Ataisoma barua niliyoiandikia kampuni, kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mama yake. Sitakata simu mpaka amalize, na atakayetaka kujua udhuru wangu nitamwambia sina.

Mungu akulaze mahali pema, Fundi.

Mwanao,
Kasiani